Kidonda cha Mwanamume Hakina Hadithi?

Riwaya ya Thando Mgqolozana, A Man Who Is Not a Man, ilitoka Afrika Kusini mwaka 2009. Nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili ilibidi niiweke chini nitoke nje kidogo.

Lumkile, kijana Mxhosa, anakwenda mlimani kutahiriwa. Kidonda kinaharibika, waliopaswa kumwangalia hawaonekani, na anaishia hospitalini. Kupona mwili ni jambo moja. Kurudi nyumbani ni jingine. Machoni pa watu wake, aliyeokolewa na daktari si mvulana tena, na mwanamume hawezi kuitwa.

Sisi Wakenya wengi tulilelewa na The River Between ya Ngũgĩ wa Thiong'o, ya mwaka 1965. Hebu irudie. Waiyaki na Muthoni wanapita kisuni msimu mmoja. Kidonda cha Muthoni kinamuua na riwaya nzima inatikisika. Cha Waiyaki kinapona, naye anaendelea na safari yake ya uongozi. Simlaumu Ngũgĩ. Kifo kile kilistahili uzito wake, na ukeketaji haupimwi kwa mizani moja na jando. Lakini mimi, kijana wa kidato, nilitoka darasani nikiamini kwamba kidonda cha mwanamume hakina hadithi.

Mimi ni wa Bungoma. Nilitahiriwa Agosti ya mwaka shufwa, kama ilivyo desturi yetu, nikiwa nimepakwa matope ya mtoni alfajiri. Sikupepesa jicho. Wiki ya pili usaha ukaanza. Mjomba akaja kuniona.

"Unaendeleaje, mwanamume?"

"Sawa tu, mjomba."

Nilisema hivyo mpaka homa ikaniangusha. Nilipona, ila nilibaki na kovu linalovuta hadi leo. Mke wangu alilijua miaka mingi kabla sijathubutu kulitaja.

Ndiyo maana namheshimu Mgqolozana. Anakitazama kidonda bila kugeuza macho, na anavunja mwiko wa kuyasema ya mlimani mbele ya wasiopitia huko. Kasoro zipo: kuna mahali msimulizi anaacha kusimulia anaanza kufundisha, na hapo mhariri ndiye aliyehitaji kisu. Hata hivyo sikusoma humo wito wa kuitupa mila. Nilisoma swali: mkishamwita kijana mwanamume, nani atamfunga bandeji?

Swali hilo linatuhusu. Utafiti wa Kisumu uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kuwa tohara hupunguza kwa takriban asilimia 60 hatari ya mwanamume kuambukizwa VVU na mwanamke, na mwaka uliofuata serikali ikaanza kampeni ya tohara ya hiari. Faida hiyo siipingi. Lakini tukitaja faida tu, aliyeumia atasemea wapi? Ng'ambo wako wanaume wanaovuta ngozi iliyobaki kwa miaka ili govi lirudi. Ngozi hurefuka kweli; neva zilizokatwa hazirudi. Zamani nikisikia habari zao nilicheka, kama tunavyocheka sote. Siku hizi naona kwamba angalau wao wamesema walichopoteza.

Bado naingoja riwaya ya Kiswahili ambamo mvulana, akiulizwa na mjomba wake anaendeleaje, atajibu ukweli.