Mbwa au Jimbi? Neno "Greyhound" katika Mithali 30:31

Mwalimu asomaye Biblia ya Kiswahili huku ameweka kando yake ile ya Kiingereza ya mwaka 1611, afikapo Mithali 30:31 hana budi kusita. Mwenye hekima ahesabu wanne wenye mwendo wa fahari: simba, kisha mmoja ambaye ndiye shauri letu, kisha beberu, kisha mfalme. Huyo wa pili Waingereza walimwita "greyhound". Biblia ya Muungano ya Kiswahili, iliyotoka mwaka 1952, yamwita jimbi. Mmoja ana miguu minne, mwenziwe ana miwili na mbawa. Mwanafunzi akiuliza ni yupi, haitoshi kumjibu kwamba lugha hutofautiana.

Kwanza na tulitazame neno la Kiingereza lenyewe, kwa maana wengi hulikosea. Sehemu yake ya mwisho, "hound", zamani ilitamkwa "hund", nayo maana yake ilikuwa mbwa ye yote, kama Wajerumani wasemavyo "Hund" hata leo. Neno "dog", ambalo hapo kale lilikuwa nadra, likaenea likashika mahali pake, na "hound" likabaki kwa mbwa wa kuwindia. Nao wawindaji hao ni wa namna mbili: wako wafuatao harufu, pua chini, na wako wamfukuzao mnyama kwa macho. "Greyhound" ni wa hao wa pili: mwembamba, kifua kimeshuka, tumbo limepanda, miguu mirefu, amefanana na saluki ambaye Waarabu huwindia paa na sungura.

Mtego umo katika sehemu ya kwanza. "Grey" yafanana na jina la rangi, na mtu akiandika "mbwa wa kijivu" atajiona amefasiri sawasawa. Lakini rangi haimo. Kiingereza cha kale kilisema "grighund", na mbwa hawa huzaliwa weusi, weupe, wekundu, hata wenye milia. Tabibu John Caius wa Cambridge, aliyeandika kwa Kilatini juu ya mbwa wa Uingereza mwaka 1570, alidhani kwamba jina latokana na neno la daraja, kwa kuwa mbwa huyu huwapita wenziwe kwa cheo. Ni dhana ya kupendeza, ila yatuonyesha mapenzi ya mabwana wa siku zake kuliko asili ya neno.

Na hapo ndipo tatizo la Mithali lilipo. Kiebrania chasema "zarzir mothnayim". Mothnayim ni viuno. Zarzir halionekani mahali pengine po pote katika Agano la Kale, nalo hufasiriwa "aliyefungwa" au "aliyekazwa". Basi tunayo sifa, aliyekazwa viuno, wala mnyama hakutajwa waziwazi. Kila mfasiri amejitafutia wake. Septuaginta ya Kiyunani iliweka jogoo atembeaye kwa ushujaa kati ya majike, na Kilatini cha Jerome kikaweka jogoo vilevile. Luther alichagua mbwa mwembamba wa kuwindia, na Biblia ya Geneva ya mwaka 1560 kadhalika. Wafasiri wa 1611 wakashika njia hiyo, lakini kwa uaminifu wakaandika pambizoni kwamba huenda ni farasi. Chapa nyingi za baadaye zimeiacha pambizo hiyo, na msomaji amebaki na mbwa peke yake.

Sisi twaona mbwa hafai. Mithali yasifu mwendo wa kutembea; sifa ya mbwa huyu ni mbio. Tena Agano la Kale humtaja mbwa kwa dharau karibu kila mara. Hata mbwa wa kundi katika Ayubu 30:1 ametajwa ili watu fulani waonekane duni kuliko yeye. Kumsimamisha mbwa kati ya simba na mfalme ni desturi ya nyumba za wakuu wa Ulaya. Farasi wa vita, aliyetiwa pambizoni tena mwaka 1885, ana haki zaidi, maana yeye hufungwa mkanda kweli.

Wako wasemao kwamba kuku hawakujulikana katika nchi ile zamani hizo. Lakini mwaka 1932 huko Tell en-Nasbeh, kaskazini ya Yerusalemu, ulifukuliwa muhuri wa mtumishi wa mfalme, wa kama miaka 600 kabla ya Kristo, nao umechorwa jogoo aliyekaa tayari kupigana. Aliyemwona jogoo akipita uani, kifua mbele, kila hatua ameihesabu, haoni taabu kumweka karibu na beberu. Kwa hiyo twapendelea jimbi, ingawa hatusemi kwamba Kiebrania kimemthibitisha.

Twaongeza neno moja kwa walimu. Mahali pengi majimbi ni mizizi ya kupika, na watoto watacheka wakisikia kwamba jimbi hutembea kwa fahari. Basi waambiwe "jogoo", somo liendelee. Na katika darasa la Kiingereza, "greyhound" afasiriwe "mbwa mwembamba wa kuwindia, mwenye mbio", na kijivu kiachwe.