Sarafina! ya Jukwaani Imeniacha Hoi

Kila aliyelala bweni katika shule za Thika, Juja na Ruiru miaka ya tisini ana Sarafina! yake. Ni Jumamosi baada ya chakula cha jioni, viti vya bwalo vimegeuzwa kutazama upande mmoja, televisheni imefungiwa ndani ya kasha la chuma, mwalimu wa zamu anatia kanda, na kelele zinaanza kabla hata jina la filamu halijatokea. Filamu ile ya 1992 tuliihifadhi vichwani. Tuliimba Kizulu tusichokielewa na kuipiga sakafu kwa miguu mpaka vumbi likapanda.

Sasa sikilizeni! Kuna Sarafina! nyingine iliyoitangulia hiyo, na ndiyo kwanza nimeisikiliza toka mwanzo hadi mwisho: rekodi ya waigizaji wa jukwaani, iliyotengenezwa mchezo ulipopanda Broadway, New York. Humo hamna Whoopi Goldberg, yule mwalimu wa filamu, hamna moto, hamna picha hata moja. Kuna vijana, magitaa, tarumbeta na ngoma, na jamani, inakushika mkono tangu mwanzo na haikuachii. Nilikuwa nimesimama jikoni nikimenya viazi. Viazi viliningoja!

Kilichonikamata ni kwaya. Kwenye filamu jicho linamfuata Leleti Khumalo, Sarafina mwenyewe, na ni haki yake, uso ule haukatai kutazamwa. Lakini ukifumba macho ukaacha masikio yafanye kazi, unagundua kuwa mhusika mkuu ni darasa zima. Msichana mmoja anaanzisha, peke yake, sauti kavu bila pambo. Besi za wavulana zinaingia chini yake, nzito kabisa. Sauti ya pili na tenori zinajipenyeza katikati. Halafu gita la mbaqanga, muziki wa mitaa ya Waafrika wa Afrika Kusini, linaanza kucheka juu yao wote. Baba Yetu, ile sala ya kila gwaride la asubuhi, inaanza kwa heshima na utaratibu, kisha mwili unaanza kudai haki yake, na kabla hujajua umefikaje huko, watu wazima wameshaanza kutikisa mabega. Mimi ni mmoja wao. Nimeirudia sana.

Mwenye kazi hii ni Mbongeni Ngema, ambaye tayari alikuwa amelitikisa jukwaa kwa Woza Albert!, mchezo alioutunga pamoja na Percy Mtwa na Barney Simon. Mwenyewe alisimulia kwamba mbegu ya Sarafina! ilitoka kwenye mazungumzo yake na Winnie Mandela. Akakusanya vijana, akawafundisha kuimba, kucheza na kuigiza, na mwaka 1987 wakafungua pazia katika ukumbi wa Market, Johannesburg, wakati nchi iko chini ya hali ya hatari na askari wamejaa mitaani. Mwaka huohuo wakavuka bahari hadi Lincoln Center, New York. Januari 1988 wakahamia ukumbi wa Cort kwenye Broadway, na hapo wakakaa hadi Julai 1989: maonyesho 597! Watoto wa mitaa ya Waafrika waliokuwa hawaruhusiwi kutembea watakavyo katika miji ya kwao wakaimba katikati ya New York, usiku baada ya usiku, na wakapata uteuzi wa tuzo za Tony katika vipengele vitano, kikiwemo cha mchezo bora wa muziki na kile cha Khumalo mwenyewe, binti ambaye hakuwa amefikisha miaka ishirini.

Nyimbo ni za Ngema, na nyingine ni za Hugh Masekela, mpiga tarumbeta aliyekuwa uhamishoni tangu 1960. Ukishajua hilo, tarumbeta unaisikia kwa namna nyingine kabisa. Masekela aliwaandikia watoto muziki wa nyumbani asikoweza kurudi.

Na hadithi yenyewe! Filamu imetuzoesha kuukumbuka mchezo huu kwa mateso: mwalimu anakamatwa, watoto wanapigwa risasi, Sarafina anatupwa korokoroni. Yote hayo ni ya kweli kwa historia ya Soweto, kwa maandamano ya wanafunzi ya Juni 16, 1976, siku ambayo leo Afrika nzima inaiadhimisha kuwa Siku ya Mtoto wa Afrika. Ila jukwaani uti wa mgongo wa mchezo ni kitu ambacho mwanafunzi yeyote wa Kenya anakijua hadi mifupani: shule inajiandaa kwa tamasha. Wanafunzi wa Morris Isaacson wanatunga onyesho lao la shuleni, na wazo lao ni la ujasiri wa ajabu: wanaigiza siku ambayo Nelson Mandela atatoka gerezani. Mwaka 1987! Mandela bado yumo ndani, hakuna ajuaye atatoka lini, na watoto wanafanya mazoezi ya kumpokea kana kwamba gari lake limeshafika langoni. Alitoka Februari 11, 1990, miezi saba baada ya pazia la Broadway kufungwa.

Sisi wa barabara ya Thika tuna sababu ya ziada ya kusisimka. Julai 1990 Mandela alikuja Kenya, na pale Kasarani, uwanja ambao matatu zote za Ruiru na Thika zinaupita, akamtaja Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, kwa heshima kubwa. Kimathi alinyongwa katika gereza la Kamiti, Februari 1957. Kamiti ileile, si mbali na Ruiru, ndiyo iliyomfungia mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o mwaka 1978 baada ya Ngaahika Ndeenda, mchezo uliojaa nyimbo na ngoma za wanakijiji wa Kamĩrĩthũ, kupigwa marufuku. Kwa hiyo watoto wanaomwimbia mfungwa si hadithi ya mbali kwetu. Gereza letu tunalijua, na wimbo uliomfikisha mtu humo tunaujua pia.

Niliipeleka rekodi kwa klabu ya drama ya shule moja ya kutwa hapa Ruiru, spika ndogo juu ya meza ya mwalimu. Mwanzoni walisikiliza kwa adabu. Ilipofika Freedom Is Coming Tomorrow, ule wimbo ambao shule zetu huupenda kila Juni 16, wakaguna: huu tunaujua! Lakini nyimbo zilizofuata hawakuzijua, na hapo ndipo mambo yalipoiva. Binti wa kidato cha pili, aliyekuwa kimya muda wote, akaanza kugonga kisigino cha kiatu cha shule kwenye saruji, akaacha, akasikiliza, akagonga tena akiwa amebadilisha pigo. Alikuwa anaitafuta sauti ya pili kwa mguu. Akaipata! Mvulana wa nyuma akapaza sauti, "Mwalimu, rudisha hapo pa gita." Tukarudisha. Tukarudisha tena. Kengele ya kwenda nyumbani ikalia na hakuna aliyeinua mkoba.

Filamu siidharau, msinielewe vibaya. Darrell Roodt aliipiga Soweto kwenyewe, Michael Peters wa Thriller akasaidia kupanga ngoma, na ile sehemu Sarafina anapomtembelea mama yake, mfanyakazi wa ndani katika nyumba ya Wazungu, haina kifani. Mama huyo ni Miriam Makeba! Sauti iliyoifikisha Malaika ya Fadhili William katika kila pembe ya dunia imevaa aproni na inazungumza polepole. Mtoto yeyote wa Ruiru ambaye mama yake alirauka kwenda kuchuma kahawa ya mwenye shamba anaielewa sehemu hiyo bila kufasiriwa. Lakini filamu ilipunguza nyimbo, na kila wimbo ulioondoka uliondoka na kicheko. Utani wa wanafunzi, mikutano ya siri, mahaba ya darasani yenye maneno mengi ya adabu, mwalimu wa jukwaani ambaye jina lake la utani ni Mistress It's a Pity: huko ndiko nguvu ya mchezo ilikojificha. Watoto hawa ni wachangamfu kupita kiasi, na ndiyo maana serikali yenye bunduki iliwaogopa.

Hata mlima wa Afrika Mashariki umo! Katika orodha ya nyimbo za jukwaani upo uitwao Kilimanjaro. Na masikio ya Kenya hayawi mageni humu ndani, maana muziki wa Afrika Kusini uliingia zamani katika magitaa yetu. Twisti ya Nairobi ya miaka ya sitini ilikunywa sana kutoka kwenye kwela ya huko. Mzee aliyecheza twisti akiwa kijana atatingisha kichwa kabla mjukuu wake hajaanza.

Ushauri wangu? Anza na rekodi ya Broadway, sauti juu, mlango wazi. Kisha tafuta Voices of Sarafina!, filamu ya ukweli ya Nigel Noble kuhusu vijana hao wakiwa New York, usikie wakieleza maisha yao kwa vinywa vyao. Filamu ya 1992 iwe ya mwisho, na utaitazama upya kabisa, ukiwasaka wale wa mstari wa nyuma ambao hapo awali hukuwaona. Ngema alifariki Desemba 2023, Masekela alitangulia Januari 2018, na Makeba Novemba 2008, lakini nyimbo ziko hapa, na walimu wa drama wa Thika na Ruiru, nawaomba kwa dhati: acheni kuchukua wimbo mmoja wa Juni 16 na kuuacha mchezo. Ombeni idhini, uchukueni wote. Kwaya mnazo. Yule binti wa kidato cha pili tayari anaijua sauti ya pili.