Istilahi za Kifafa na Usingizi: Kipimo cha Tunduma

Istilahi ya tiba hutofautiana na istilahi ya fizikia au ya sarufi kwa jambo moja kubwa. Mwanafunzi asipoielewa istilahi ya fizikia, hukosa alama za mtihani. Mgonjwa asipoielewa istilahi ya tiba, aweza kuacha dawa, aweza kuungua motoni, aweza kufa. Kwa hiyo, pamoja na vipimo tulivyovizoea vya usahihi, ufupi na ulinganifu wa kisarufi, hatuna budi kuongeza kipimo kingine: je, msikiaji akishalisikia neno, atafanya nini? Katika makala haya tunakusudia kukitumia kipimo hicho kuhakiki maneno machache yanayohusu kifafa, usingizi, na madhara yake ya muda mrefu.

Tumeuchagua mji wa Tunduma kuwa uwanja wa kupimia, kwa sababu tatu. Kwanza, Tunduma ni mlango wa Tanzania kuelekea Zambia. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam na reli ya TAZARA hupita hapo. Mnyamwanga, Mnyiha, Mndali, mfanyabiashara atokaye Nakonde na dereva wa lori aliyekulia pwani hukutana katika Kiswahili, na neno lisilofahamika kwao wote halifai kuitwa sanifu. Pili, Mkoa wa Songwe, uliozaliwa mwaka 2016 kwa kugawanywa Mkoa wa Mbeya, una Wilaya ya Mbozi, ambako watafiti wamethibitisha kuwapo kwa tegu wa nguruwe katika watu na katika nguruwe. Tegu huyo ni miongoni mwa visababishi vikuu vya kifafa kinachoweza kuzuilika. Tatu, usiku wa mpakani ni mfupi. Madereva hukesha, wachuuzi hukesha, na kukosa usingizi ni miongoni mwa mambo yanayojulikana sana kwa kuchochea kifafa.

1. Kifafa: neno moja, mizigo mitatu

Neno kifafa ni letu na ni la zamani. Wapo wanaolihusisha na kitenzi kufa, na kwa hakika aliyeanguka huonekana kana kwamba amekufa kwa muda. Lawama yetu kwa neno hili inahusu mizigo liliyotwishwa, wala haihusu asili yake.

Mzigo wa kwanza ni ugonjwa wenyewe, yaani hali ya ubongo inayosababisha matukio yajirudiayo. Mzigo wa pili ni tukio moja moja: husemwa "amepata kifafa" hata kwa mtu aliyeanguka mara moja tu maishani. Tukio moja peke yake halitoshi kwa kawaida kuitwa ugonjwa wa kifafa. Matabibu hutazama kama kumetokea matukio mawili au zaidi yasiyo na kichocheo cha papo hapo, yaliyopishana kwa zaidi ya saa 24, au tukio moja lenye dalili kubwa za kurudia. Mtoto mwenye homa kali ya malaria akitukutika, wazee humwita mwenye degedege, na hapo wananchi wametofautisha vema kuliko wataalamu wengi. Lakini kijana aliyeanguka mara moja huondoka na jina la kifafa, na jina hilo humfuata shuleni, kazini na katika uchumba.

Mzigo wa tatu ndio wa hatari zaidi, nao ni "kifafa cha mimba". Hali hii huambatana na shinikizo la damu la ujauzito. Ni dharura, na hutaka hospitali saa ile ile. Sasa tukitumie kipimo chetu. Jamaa wa mama mjamzito wakilisikia neno kifafa, wengi watafanya kile wanachofanya kwa kifafa: watasubiri kipite, au watatafuta mganga. Na mama huyo akinusurika, jamaa huenda wakamwona kuwa ni mwenye kifafa maisha yake yote, naye hana ugonjwa huo. Hapa istilahi imefanya madhara mara mbili.

Wapo watakaosema kwamba dawa ya tatizo hili ni kulitupa neno kifafa na kukopa "epilepsi". Wanaweza kutoa mfano wa Malaysia, ambako jina la zamani lililomaanisha wazimu wa nguruwe liliachwa, wakachukua neno la mkopo. Hatukubaliani nao. Jina lile lilikuwa tusi, lakini kifafa si tusi. Ukikopa neno lisilojulikana, mwananchi wa Tunduma ataambiwa ana epilepsi, kisha atauliza, "Ndiyo nini?" Atajibiwa, "Ni kifafa." Safari imekuwa ndefu na mtu amerudi pale pale.

2. Tegu wa nguruwe

Jina hili ni sahihi kwa mtaalamu wa wanyama, lakini humpotosha msikiaji. Asiyekula nguruwe hulisikia na kujiona salama. Ukweli ni kwamba alaye nyama yenye vifuko vya tegu bila kuipika ikaiva hupata tegu wa tumboni. Mayai ya tegu huyo hutoka katika kinyesi cha mtu. Mtu mwingine yeyote akiyameza kwa maji, mboga au mikono michafu, mayai hayo huweza kuanguliwa, na vifuko vikajenga katika ubongo wake na kuleta kifafa. Basi, hata asiyegusa nguruwe kwa sababu ya dini yake aweza kupatwa, ikiwa jirani yake hana choo au aliyempikia chakula hakunawa. Kwa maoni yetu, waandishi wa maelezo ya afya wasiishie katika "tegu wa nguruwe" pindi wanapozungumzia ubongo. Waseme "mayai ya tegu", kwani neno hilo humpeleka msikiaji kwenye choo, sabuni na maji safi, ambako kinga ilipo.

3. Usingizi

Kwa usingizi, Kiswahili hakina umaskini. Tuna kusinzia, kukesha, kukoroma, kuweweseka na jinamizi. Tatizo ni kwamba baadhi ya maneno haya hufunika kifafa, na istilahi mpya inayotafutwa huweza kufunika mengine.

Tuanze na jinamizi. Kifafa huweza kutokea usingizini tu, mchana kisionekane kabisa. Mtu hupiga kelele, hujikaza, hutupa mikono, na wa nyumbani husema ameingiliwa na jinamizi. Wakati mwingine ni kweli ni ndoto mbaya. Lakini akiamka ulimi umeumwa, kitanda kimelowa na mwili umechoka kama wa mtu aliyelima, neno jinamizi limeficha ugonjwa unaotibika.

Kisha kusinzia. Huko Mahenge, Wilaya ya Ulanga, ambako Daktari Louise Jilek-Aall alianza kuwahudumia wagonjwa wa kifafa karibu na mwaka 1960, watoto wengine walionekana wakiinamisha kichwa mara kwa mara, na wenyeji walisema mtoto "amesinzia kichwa". Hali kama hiyo ilikuja kujulikana baadaye Sudan Kusini na kaskazini mwa Uganda. Maneno ya wenyeji yalieleza vizuri kilichoonekana kwa macho, nayo yanastahili kuhifadhiwa. Hata hivyo, mwalimu asiyejua maana hii ya pili humwona mtoto kuwa ni mvivu asiyelala nyumbani, na kumwadhibu. Yule mwingine anayezubaa kwa sekunde chache kisha akaendelea kuandika naye huadhibiwa kwa kutosikiliza.

Mwisho, baadhi ya watafsiri huandika "ugonjwa wa usingizi" kwa kila tatizo la kulala. Kwa Watanzania wengi maneno hayo humaanisha malale, ugonjwa uletwao na mbung'o. Tunapendekeza "hitilafu za usingizi" kwa jumla, na "malale" libaki kwa malale.

4. Madhara, kupona na sugu

Kifafa na usingizi hudhuriana. Tukio la usiku hukatakata usingizi. Usingizi uliokatika hualika tukio jingine. Miaka ikipita, kumbukumbu hudhoofika, masomo hurudi nyuma, huzuni huingia. Kuna majeraha ya moto kwa walioangukia mafiga, na kuna kifo cha ghafla, ambacho mara nyingi hutokea usiku. Haya ndiyo yastahiliyo kuitwa madhara ya muda mrefu.

Lakini neno hilo hilo, madhara, hutumiwa pia kwa usingizi mzito uletwao na fenobabitoni. Mgonjwa husikia kwamba ugonjwa una madhara na dawa ina madhara, naye huchagua kuacha dawa. Kuiacha ghafla huweza kuleta matukio yafuatanayo bila kukoma, na hayo huua. Tuseme "athari za ziada za dawa", na neno madhara tuuachie ugonjwa.

Kadhalika "kupona". Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao milioni 50 duniani wana kifafa, na kwamba hadi asilimia 70 yao wangeweza kuishi bila matukio kama wangetibiwa ipasavyo. Kuishi bila matukio huku ukimeza dawa ni kutulia, na aliyeambiwa amepona hana sababu ya kurudi kliniki.

Na "sugu" limebeba maana mbili: ugonjwa wa muda mrefu, na ugonjwa usiosikia dawa. Mwenye kifafa cha miaka kumi kilichotulia akiambiwa kifafa chake ni sugu, hukata tamaa. Libaki kwa maana ya pili tu.

5. Mapendekezo

Tunaiomba kamati ya istilahi iyafikirie haya. Kifafa: ugonjwa tu. Tukio: kila shambulio moja, nalo lipewe sifa yake, yaani tukio la kutukutika, tukio la kuzubaa, tukio la kusinzia kichwa. Tumelikataa "mshiko", ijapokuwa latokana vizuri na "kushikwa", kwa kuwa vijana wa leo huliita fedha. Mtukutiko wa mimba: badala ya kifafa cha mimba.

Tunajua kwamba neno lililokwisha kuingia vinywani halitoki kwa amri ya kamati. Lakini muuguzi wa Tunduma humweleza mgonjwa kwa maneno aliyofundishwa, na maneno hayo hutoka katika vitabu ambavyo sisi tunavisanifu. Kabla ya kupitisha orodha yoyote ya istilahi za tiba, basi, isomwe mbele ya mama mjamzito, dereva wa lori na mwalimu wa shule ya msingi, kisha kila mmoja aulizwe angefanya nini. Jibu lao lina haki ya kutufanya tulifute neno, hata kama sarufi yake haina dosari.