Nani Mwenye Sauti? Fanani na Mhusika katika Usanii wa Roseanne Barr

Katika fasihi simulizi, fanani aghalabu huwa mtunzi na mtendaji kwa wakati mmoja. Sauti inayosikika ni yake. Uhusiano huu hutatizika pindi sanaa hiyo inapohamishiwa kwenye televisheni, ambako maneno ya mtu mmoja huandikwa na wengi na kumilikiwa na kampuni. Safari ya kisanaa ya Roseanne Barr, mchekeshaji na mwigizaji wa Marekani, inadhihirisha utata huu waziwazi.

Barr alizaliwa Salt Lake City mwaka 1952. Alianza kupanda jukwaani mjini Denver mapema katika miaka ya 1980, akiwa mama wa watoto watatu na mhudumu wa baa. Mwaka 1985 alitokea katika kipindi cha Johnny Carson na kujulikana nchini kote. Akiwa peke yake mbele ya hadhira, kwa sauti ya puani isiyo na haraka, alijitawaza kuwa mungu wa kike wa nyumbani. Kinaya ki wazi: cheo kitukufu kinavishwa mwanamke aliyechoshwa na ufuaji, upishi na mume.

Mwaka 1988 sauti hiyo ilihamia katika tamthilia ya *Roseanne* ya kampuni ya ABC. Wakati ambapo familia mashuhuri ya vichekesho, ile ya *The Cosby Show*, ilikuwa ya daktari na wakili, familia ya Conner iliishi kwa mshahara wa kiwanda cha plastiki katika mji wa kubuni wa Lanford, Illinois. Mwishoni mwa msimu wa kwanza Roseanne na wenzake wanaacha kazi kwa sababu ya viwango vya uzalishaji alivyoweka msimamizi mpya. Baadaye anafagia saluni na kuhudumu mkahawani. Kicheko hapa ni zao la uhaba, wala si pambo lake.

Hata hivyo, Matt Williams ndiye aliyetajwa kuwa muasisi wa tamthilia. Barr alitajwa kama aliyebuni mhusika tu. Mvutano uliofuata ulimalizika kwa Williams kuondoka katika msimu huo wa kwanza. Kipindi cha mwisho cha mwaka 1997 chaweza kusomwa kama jibu la mvutano huo: yabainika kwamba Roseanne mhusika ndiye aliyekuwa akiandika kisa chote, na kwamba mumewe, Dan, alikwisha kufa. Mhusika anatwaa kalamu.

Ushindi huo haukudumu. Tamthilia iliporejea Machi 2018, Dan alikuwa hai, na usiku wa kwanza ulivutia watazamaji zaidi ya milioni 18. Mapema Mei, Roseanne mhusika alionyeshwa akiwashuku majirani Waislamu kutoka Yemen, kisha akimtetea mmoja wao dukani. Wiki tatu baadaye Barr aliandika katika Twitter maneno ya kibaguzi dhidi ya Valerie Jarrett, aliyekuwa mshauri wa Rais Obama, na ABC ikaifuta tamthilia siku hiyo hiyo. Mhusika alikuwa amejifunza kile ambacho fanani alikataa kujifunza.

Oktoba mwaka huo familia ilirudi katika *The Conners*, bila Barr na bila yeye kupata mapato yoyote. Roseanne alikuwa amekufa kwa kuzidisha dawa za kutuliza maumivu ya goti. Kifo hiki hakikuwa kisasi cha waandishi tu. Kilikuwa kimetayarishwa na vipindi vilivyotangulia, na kinaafiki uhalisia wa tabaka ambalo matibabu ni gharama. Tamthilia hiyo iliendelea hadi 2025.

Je, sauti ni ya nani? Kisheria, ni ya kampuni. Kisanaa, jibu ni gumu zaidi. Ulimwengu wa Lanford ulisimama bila fanani wake kwa kuwa aliujenga imara juu ya mambo ya kweli: deni, uchovu na mapenzi yasiyo na maneno matamu. Lakini mzaha wa familia hiyo uligawanywa miongoni mwa wengi, na ile dharau ya mwanamke mmoja asiyeomba radhi haikupata mrithi. Kosa la Barr halifuti ubunifu wake, wala ubunifu wake hausafishi kosa.