Faharasa, Fahirisi na Kielezo: Uhakiki wa Rasimu ya Mwongozo wa Kanzidata

Hivi karibuni tuliletewa na ofisi moja rasimu ya tafsiri ya mwongozo wa kuunda na kusimamia faharasa katika kanzidata ya MongoDB, kwa maagizo yaandikwayo ndani ya programu yenyewe. Tuliombwa tuzipitie istilahi zake kabla haijapigwa chapa. Mifano yote ya rasimu hiyo imetungwa juu ya masjala ya ardhi katika kata ya Kitandililo, Halmashauri ya Mji wa Makambako, mkoani Njombe. Uchaguzi huo twausifu. Mfasiri aliyeutafuta mfano wake karibu na wananchi amekwisha kufanya nusu ya kazi yake vizuri. Uhakiki wetu unahusu nusu ya pili.

Kwanza ni jina la kitu chenyewe. Rasimu inatumia maneno manne kwa dhana moja: yaliyomo, kielezo, fahirisi na faharasa, mahali pengine mawili hukutana katika aya moja. Yaliyomo hufuata mpangilio wa kitabu, ilhali faharasa hufuata mpangilio wa mwenye kutafuta. Hapo hapana mjadala. Kielezo nacho kimekaa karibu mno na kielelezo, na mwalimu wa sarufi atakikumbuka kielezi vilevile. Yanabaki fahirisi na faharasa, maneno ya asili moja yaliyotufikia kwa njia ya Kiarabu kutoka Kiajemi, asili ile ile iliyompa Ibn al-Nadim wa Baghdad jina la orodha yake ya vitabu, al-Fihrist, mwaka 987. Wapo waonao kuwa maumbo mawili ni mzigo. Sisi twaona ni bahati. Watakwimu wamekwisha kulitwaa fahirisi kwa ajili ya bei, na wananchi wamelizoea katika taarifa za mfumuko wa bei. Basi fahirisi na ibaki kuwa kipimo, na faharasa iwe chombo cha kutafutia.

Katika vitenzi, rasimu inasema "umba faharasa" na "futa faharasa". Kuumba tumwachie Mwenyezi Mungu na mfinyanzi, "unda" latosha. Kufuta kuna athari zaidi, kwa sababu rasimu inatumia kitenzi hicho hicho kwa rekodi. Faharasa ikiondolewa, hapotei mwenye shamba hata mmoja. Kinachopotea ni wepesi: mashine hurudi kusoma rekodi moja baada ya nyingine mpaka mwisho, wakati ambapo orodha iliyopangwa, hata kwa kuigawa nusu kwa nusu tu, humfikia mmoja kati ya watu milioni moja kwa hatua 20 hivi. Mtumishi anayeogopa neno "futa" ataziacha faharasa zisizotumika zirundikane, na kila rekodi mpya itakapoandikwa, zote zitapaswa kuandikwa nayo. Twapendekeza "ondoa".

Tena rasimu yaagiza programu "iumbe faharasa upya kila inapowashwa". Neno "upya" ni la mfasiri. Agizo likirudiwa kwa faharasa iliyopo, yenye masharti yale yale, hakuna kinachotendeka. Likirudiwa kwa jina lile lile na masharti tofauti, mashine hulikataa.

Tukija kwenye aina za faharasa, tunapata "faharasa ya kipekee". Msomaji wa kawaida ataelewa kuwa ni faharasa bora kuliko nyingine, kama asemavyo mtu kuwa fulani ni mwimbaji wa kipekee. Dhana yenyewe ni kwamba thamani moja, tuseme namba ya hati ya hakimiliki ya kimila, haiwezi kuandikwa katika rekodi mbili. "Faharasa isiyorudufu" inasema jambo hilo bila kulisifia. "Faharasa changamano" pia haifai, na walimu wataona upesi kwa nini: katika sarufi tumekwisha kutenga sentensi changamano na sentensi ambatano. Faharasa ya kijiji kisha jina la mmiliki imeunganisha sehemu mbili kwa mfuatano, basi ni ambatano. Mfuatano huo ndio kiini chake, kwani anayelijua jina tu bila kijiji hasaidiwi nayo.

Lakini kosa lililotufanya tuirudishe rasimu kabla ya kufika ukurasa wa mwisho ni "faharasa ya muda". Katika Kiswahili cha ofisi, kitu cha muda ni kile kitakachoondolewa baadaye: kibali cha muda, daraja la muda. Mwandishi wa programu ataamini kuwa faharasa hiyo itajiondoa yenyewe, na kwamba ni salama kuijaribia. Ukweli ni kinyume. Faharasa hubaki, rekodi ndizo zinazofutwa na mashine, kila moja muda wake uliowekwa unapopita tangu tarehe iliyoandikwa ndani yake. Hufaa kwa vitu kama ruhusa za kuingia mtamboni. Ikiwekwa juu ya tarehe ya kusajiliwa kwa shamba, masjala itamomonyoka kimya kimya, kuanzia kwa waliosajiliwa zamani zaidi. Hapa neno moja la sifa linaweza kumpotezea mkulima wa Kitandililo ushahidi wa mpaka wake. Twapendekeza "faharasa ya ukomo wa rekodi", na onyo liandikwe chini yake kwa herufi nzito.

Kuna kasoro moja ambayo si ya mfasiri. Faharasa ya maneno katika MongoDB hukata viambishi kwa kanuni za lugha zilizoorodheshwa, nayo husadiki Kiingereza asipoambiwa vingine. Kidenmaki kimo, Kituruki kimo, Kiswahili hakimo. Hata kingekuwamo kwa kanuni hizo za kukata miisho, sisi tunabadili maneno mwanzoni pia: shamba na mashamba, mpaka na mipaka, mti na miti. Hapana budi programu iagizwe isitumie lugha yoyote, na mtafutaji aandike maumbo yote mawili. Rasimu ilinyamaza juu ya jambo hili. Aidha anayeandika "Kitandiliro" kwa mazoea ya kuchanganya l na r hatapata kitu, maana faharasa haisikii, inasoma tu.

Limebaki neno ambalo hatujaliamua. Katika uhakiki huu tumesema "rekodi" kwa kile ambacho rasimu inakiita waraka. Kwa mtumishi wa serikali, waraka ni agizo linalotoka wizarani. "Hati" lingefaa, ila katika masjala ya ardhi tungejikuta tukiandika "hati ya hati ya hakimiliki". Wasomaji walio katika masjala za vijiji watuandikie wanavyokiita kitu hicho wanapozungumza wao kwa wao.