Picha Iliyoandikwa: Uhakiki wa Programu ya pokemon-colorscripts

Katika kompyuta za leo limesalia dirisha moja lisilo na picha wala vitufe, ambamo mtumiaji huandika amri kwa herufi na kujibiwa kwa herufi. Dirisha hilo huitwa terminali. Asili yake ni mashine za taipu zilizounganishwa na kompyuta, ambazo zilichapa majibu juu ya karatasi. Baadaye karatasi ikaachwa, kikaja kioo. Mashine ya VT100, iliyotolewa na Digital Equipment Corporation mwaka 1978, ilionyesha mistari 24 yenye nafasi 80 za herufi kila mmoja, na terminali za leo bado huiga tabia zake nyingi. Ni mahali hapo pa maandishi matupu ndipo programu iitwayo pokemon-colorscripts ifanyapo kazi yake: huonyesha wahusika wa michezo ya Pokémon kwa rangi zao. Waweza mtu kuidharau kuwa ni mchezo wa vijana, lakini yagusa swali ambalo wanaisimu hawana budi kulijali, yaani herufi hukoma lini kuwa herufi.

Kwanza yafaa kueleza namna picha hizo zinavyofanyika. Nafasi moja ya herufi katika terminali, kwa kawaida, kimo chake hukaribia mara mbili ya upana wake. Katika orodha ya Unicode imo alama ijazayo nusu ya juu ya nafasi hiyo, na nyingine ijazayo nusu ya chini. Alama ya nusu ya juu ikipewa wino wa njano na usuli mwekundu, nafasi moja huzaa miraba miwili, wa njano juu na mwekundu chini. Rangi zenyewe huagizwa kwa mfuatano wa tarakimu unaotanguliwa na alama ya 27 ya ASCII, ambayo haionekani kwa macho. Kiasi cha nyekundu, cha kijani na cha buluu hutajwa kila kimoja kwa namba kati ya 0 na 255, hata rangi ziwezazo kutajwa zikafika 16,777,216. Kwa njia hiyo picha ya miraba 56 kwa 56, iliyokuwa kipimo kikubwa cha picha za mapambano katika michezo ya kwanza, huhitaji nafasi 56 kwa upana na mistari 28. Kioo cha VT100 kisingaliitosha, kwani kingalipungukiwa mistari minne.

Michezo hiyo ya kwanza ilitoka Japani mwezi Februari 1996, kwa mashine ndogo ya Game Boy, ikiwa na wahusika 151. Kioo cha Game Boy kilikuwa na miraba 160 kwa 144, na vivuli vinne tu vya rangi moja. Basi yastaajabisha kuona kwamba wahusika waliozaliwa katika mashine isiyo na rangi sasa wapata rangi zao zote katika dirisha lisilokusudiwa picha.

Lakini sifa hiyo isitiwe chumvi. Programu haichori. Picha zote zimekwisha kugeuzwa kuwa maandishi na kuwekwa katika mafaili, naye mtumiaji akitaja jina, programu hufungua faili na kulimwaga mbele yake. Kazi yake ni ya mtunza maktaba kuliko ya mchoraji. Maumbo na majina ya wahusika ni mali ya wenye mchezo, na leseni ya programu haiwezi kumpa mtu haki ambayo mtoaji mwenyewe hana. Yaliyo yake hasa ni uteuzi, mpango na sarufi ya amri. Katika sarufi hiyo jina la programu hukaa mahali pa kitenzi, na vialama hufuata kama viambishi: -n hutangulia jina la mhusika, -s huomba rangi zake za nadra, -b huomba umbo kubwa, na -r humwachia bahati achague. Kialama hiki cha mwisho ndicho kilichobuniwa kwa busara kubwa zaidi. Katika mchezo wenyewe mchezaji hupita majanini asijue ni kiumbe gani kitakachomtokea. Na mtumiaji aliyeiweka amri hiyo katika faili la kuanzia la terminali yake hutokewa vivyo hivyo kila afunguapo dirisha jipya. Hapo programu hairudii picha za mchezo tu. Yarudisha na mshtuko wake.

Ubora na upungufu wa njia hii huonekana vizuri ikilinganishwa na cowsay, programu ya miaka mingi zaidi, iliyo mashuhuri kwa ng'ombe wake. Ng'ombe huyo hana rangi. Macho yake ni herufi mbili za o, na juu yake zimo alama mbili zilizochongoka. Mtumiaji akiomba ng'ombe mfu, macho hugeuka kuwa X mbili na ulimi huwa U. Utamu wa mzaha huo ni kwamba o haikuacha kuwa o. Msomaji huona herufi na jicho kwa wakati mmoja. Katika pokemon-colorscripts alama ya nusu haina sauti wala maana, na haikumbushi kitu. Ni kigae tu cha ukutani. Usahihi wa picha umezidi, lakini mazungumzo baina ya herufi na umbo yamekatika. Zaidi ya hayo, ng'ombe wa cowsay husema: juu ya kichwa chake pana maneno aliyoandikiwa. Mhusika wa Pokémon huja kimya, ana jina lake tu lililochapwa juu.

Jina hilo nalo lataka kuangaliwa. Mhusika aitwaye Lizardon kwa Kijapani huitwa Charizard kwa Kiingereza, Dracaufeu kwa Kifaransa na Glurak kwa Kijerumani. Programu hii hufuata jina la Kiingereza, wala haitaji kwamba ni tafsiri. Hivyo mchezo wa Kijapani waingia terminalini bila jina lake la kwanza, na kijana aliyeujua kwa Kifaransa hana budi kujifunza majina mapya kabla ya kuamuru.

Upungufu ulio mkubwa kuliko wote wawahusu wasioona. Terminali ni mahali ambapo kipofu aweza kufanya kazi pamoja na mwenye macho, kwa kuwa maandishi husomeka kwa sauti na programu maalum. Lakini programu hiyo ikikuta safu za alama za nusu, ama hutaja alama moja baada ya nyingine bila maana, ama huziruka. Kitu pekee kinachomfikia msikilizaji ni jina. Na kiko kialama, --no-title, kiondoacho hata jina hilo. Mwenye macho hupata picha safi zaidi. Asiyeona hapati chochote, ila mistari inayochelewesha kazi yake. Cowsay, pamoja na umaskini wa rangi zake, humwachia angalau maneno ya ng'ombe.

Dawa si ngumu. Mstari mmoja wa maelezo uwekwe pamoja na kila picha, majina ya lugha nyingine yakubaliwe katika amri, na kialama cha kuondoa jina kibadilishwe kiwe cha kuondoa picha na kuacha jina na maelezo. Hata ikibaki kama ilivyo, pokemon-colorscripts ni kazi nadhifu, ya haraka na yenye furaha, na yeyote apendaye michezo hiyo ataifurahia. Ila mtengenezaji atumiaye mahali pa maandishi ana deni kwa wasomaji wote wa mahali hapo, na deni hilo bado halijalipwa.