Mtu na Nguo Zake



Siku ya Dominika, watu wakitoka Misa, pengine hupita kijana mwenye koti zuri, kravati ya hariri na viatu ving'aavyo kama kioo. Hutembea polepole, hugeuka, hufungua koti ili watu waone kitambaa cha ndani. Wazee hucheka. Wengine husema: "Huyu ana wazimu." Wengine huongeza: "Shetani amemshika." Je, hukumu hiyo ni ya haki?

Mchezo huu waitwa Sape. Ulisitawi sana Brazzaville, katika mtaa wa Bacongo, na ng'ambo ya mto, Kinshasa. Tukumbuke nyakati zile. Nchi yetu iliitwa Zaire, na mwaka 1972 serikali ya Mobutu ilikataza kravati; wanaume wakavaa abakosti. Papa Wemba, mzaliwa wa Lubefu, aliunda kundi lake Viva la Musica mwaka 1977, na vijana wengi wakaiga mavazi yake. Kuvaa kilichokatazwa kulikuwa namna ya kusema bila maneno: "Mimi si mali ya mtu."

Sisi wa Nyangwe tusijifanye wageni wa jambo hili. Wakati wa biashara ya Waarabu, nguo za merikani zilifika kwetu kutoka pwani, na kanzu nyeupe ikawa alama ya mwungwana, maana yake mtu huru. Wamaniema wengi waliotekwa wangali watoto walivaa kanzu hiyo, wakajiita waungwana. Walitaka kuhesabiwa watu mahali ambapo watu waliuzwa. Nani atawacheka kwa hiyo? Lakini wengine wao, wakiwa katika kanzu zilezile, walikwenda kuteka vijiji vya wenzao. Kanzu haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa hili: heshima ya mmoja ililipwa na machozi ya mwingine.

Basi hapa ndipo tupate kipimo. Kujipamba kwa mchezo si dhambi. Ijumaa Kuu vijana wa parokia huvaa kama askari wa Roma, na kofia zao ni za katoni. Hakuna asemaye kwamba wamekuwa watumishi wa Kaisari. Kila mtu ajua ni mchezo, nao wasaidia kuyawaza mateso ya Bwana. Mwenye kupenda rangi na mshono mzuri atumia akili na macho aliyopewa na Mungu.

Lakini tuseme kweli pia juu ya Sape. Stervos Niarcos, aliyefariki Paris mwaka 1995, na wafuasi wake waliita mapenzi yao "dini ya kitendi", yaani dini ya kitambaa. Pengine ni mzaha. Hata hivyo kitambaa hakisikii sala, wala hakimwinui mgonjwa. Na baba anayenunua viatu vya Ulaya huku mtoto wake amefukuzwa shuleni kwa kukosa feza, huyo hachezi tena. Amemvua mtoto ili ajivike mwenyewe.

Kabla ya kumtupia kijana mawe, tujitazame. Mtume Yakobo aliwaonya Wakristu waliompa tajiri mwenye nguo nzuri kiti cha mbele, na maskini wakamwambia asimame. Je, sisi tumepona ugonjwa huo? Kwa Komunyo ya kwanza, wazazi wangapi hukopa ili nguo ya mtoto wao ishinde ya jirani? Kwa sikukuu ya shirika, mama mjane asiye na kikwembe kipya hubaki nyumbani kwa haya, nasi tunaimba bila kumwuliza habari. Kumbe nasi tuna dini yetu ya kitambaa, tena ndani ya kanisa.

Kwa hiyo, ukimwona kijana amevaa vizuri, usimwulize bei ya koti lake. Umwulize: "Nyumbani wamekula?" Akijibu ndiyo, mfurahie. Na kesho ya sikukuu, pitia kwa yule mjane. Mwambie aje na nguo aliyo nayo, ukae naye benchi moja. Yezu alipotundikwa msalabani, askari walipigia kura nguo zake. Heshima yake haikutoka naye nguo hizo.